Masikio ya Gunia

Watu wengi wanaopanda ngazi mpaka chumbani kwangu huja na jibu tayari. Mtu anaingia akihema, maana lifti ya jengo letu hapa Mchafukoge iliacha kazi kabla sijahamia, anavuta kiti, anafungua simu na kunionyesha picha ya tai. Anataka logo kama hiyo, ila tai atazame upande wa pili. Nikimuuliza anauza nini, ananiambia vipuri vya pikipiki. Nikimuuliza tai anahusikaje na vipuri vya pikipiki, ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekuja kuomba kazi. Na anaitaka kesho.

Mimi sina kazi ya kesho. Kompyuta yangu hubaki imefungwa mpaka nimalize maswali, na maswali nayaandika kwa kalamu kwenye daftari la kawaida la shule. Nani ananunua kwako? Anakuja mwenyewe au anatuma mtu? Mara ya kwanza alikufikiaje? Na lile ninalolipenda kuliko yote: kibao chako kikianguka leo, mteja atakutambua kwa kitu gani? Kisha nashuka mtaani siku mbili tatu, nasimama mbele ya maduka ya wenzake, naandika rangi zao, nasikiliza watu wanavyoelekezana. Sijawahi kusikia mtu akisema nenda kwenye duka lenye tai. Wanasema nenda kwa yule mzee mwenye feni mlangoni. Kitu cha namna hiyo ndicho ninachokitafuta kabla sijachora hata mstari. Wapo wateja wanaoona nawapotezea muda, na wapo walioshuka ngazi wakinisonya.

Kwa hiyo kaka yangu aliponiletea kazi ya duka la nyumbani, nilimwambia nitamhudumia kama mteja mwingine yeyote. Ndivyo nilivyojidanganya.

Duka letu liko Msimbazi. Linauza maharage, njegere, choroko na dengu kwa jumla. Wazazi wangu waliteremka kutoka Kilimanjaro wakiwa vijana, wakaanza na magunia mawili barazani kwa mtu, na mimi nimezaliwa wakiwa tayari na mlango wao. Baba alikuwa mtu wa malori na stoo. Duka lenyewe lilikuwa mama. Sasa kaka alitaka kufunga maharage kwenye pakiti za kilo moja, ayapeleke supamaketi, na pakiti haiwezi kwenda supamaketi bila nembo. Yeye naye alikuja na jibu lake. Alitaka mlima wenye theluji.

Nilimshika mkono, nikamtembeza kutoka Msimbazi mpaka chini ya jengo langu. Nikamwonyesha mlima kwenye maji, kwenye chai, kwenye unga, kwenye magodoro, na kwenye gari la mtu anayefukuza kunguni. Akaniambia kwamba tofauti ni moja, sisi ndio tunaotoka huko kweli. Nikamwambia gunia haliwezi kuonyesha kitambulisho.

Mama alikuwa amefariki Desemba ya mwaka juzi. Tulikuwa tumepanda nyumbani wote kama ilivyo desturi ya watu wetu. Ikifika wiki ya Krismasi nusu ya milango ya Kariakoo inafungwa na wenyewe wako njiani kwenda mlimani, na wateja wameshazoea. Alipanda akiwa mzima, akalalamika kifua siku mbili, siku ya tatu hakuamka. Tukamzika nyuma ya nyumba, kwenye migomba aliyoipanda mwenyewe. Januari tukarudi mjini kama wanavyorudi wengine wote.

Tangu siku hiyo nilikuwa nikizunguka mtaa mzima nisipite mbele ya duka letu. Harufu ya maharage makavu na magunia ya katani ndiyo iliyokuwa harufu ya mama, na nilijua nikiivuta mara moja sitafanya kazi siku hiyo. Nilikuwa na hamu naye ya aina ambayo sikuwa nimeambiwa kwamba mtu mzima anaweza kuwa nayo. Nilitamani anipigie simu aniulize nimekula nini. Nilitamani hata zile kelele zake za kwamba nimekonda.

Basi nilirudi dukani kwa sababu ya nembo, daftari mkononi, nikijificha nyuma ya kazi. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti cha mama karibu na mzani. Katika mfuko wa shati lake kulikuwa na kitochi cha mama, kile kisimu cha batani ambacho wateja wote wa mbali wana namba yake. Nikamwomba orodha ya wateja wa zamani niwaulize maswali yangu. Akanipa daftari la mama la oda, halafu akasema bila kuniangalia kwamba niwapigie wa hapa mjini tu. Wa kusini niwaache, wana shughuli zao.

Nilianza na wa mjini. Mama ntilie mmoja wa Buguruni aliniambia anayapenda maharage yetu kwa sababu hayana mawe, na kwamba mama alikuwa anang'ata punje moja mbele yako ili uone ni kavu. Mwenye mgahawa mmoja alisema hajui, yeye anafuata mazoea. Niliandika yote. Lakini swali langu la kibao hakuna aliyelijibu vizuri, na baada ya siku nne nikaona kwa nini. Hao wote wanakuja kwa miguu yao. Wanaijua nguzo ya barazani, wanaujua mlango, wanamjua baba. Anayeweza kujibu ni yule anayenunua bila kuja, anayepokea gunia stendi akiwa mamia ya kilomita kutoka hapa na kulitambua kati ya magunia ya watu wengine. Yaani wale wale wa kusini ambao baba alisema niwaache.

Sikumwambia baba. Asubuhi moja, nikiwa chumbani kwangu Mchafukoge, nilifungua daftari la mama nikatafuta namba ya mama mmoja wa Newala.

Huyo nilikuwa namfahamu tangu utotoni. Ndiye alikuwa mteja wa kwanza wa mama kutoka kusini. Zamani alikuwa anakuja mwenyewe kila mwaka na mfuko wa korosho, analala kwetu, kitandani kwangu, mimi natandikiwa mkeka. Aliswali sebuleni kwetu chini ya kalenda ya kanisa, na mama alikuwa anazima redio mpaka amalize. Halafu magoti yakamshinda safari, ikabaki simu. Wakapigiana simu miaka na miaka, nusu mizigo, nusu umbea.

Nilimwamkia. Akaitikia marahaba, akauliza ni nani mwenzake. Nikamwambia ni binti wa Msimbazi, wa maharage.

"Yule wa kuchora?" akasema. "Mama yako hachoki kukutaja."

Nilipaswa kusema kitu hapo. Badala yake niliona raha sana kusikia mtu akimzungumzia mama kama vile yuko dukani sasa hivi, nikanyamaza nikaila ile raha. Nikamweleza kuhusu pakiti za kaka na nembo, halafu nikamuuliza swali langu: akiwekewa magunia mengi stendi, atalijuaje letu?

Alicheka. Alisema tuyapange hata mia, yeye atalitoa la kwetu akiwa amefumba macho. Anashika pembe za juu. Sikio la kulia refu, sikio la kushoto fupi, na yote mawili yamezungushiwa uzi mwekundu.

Nikaandika mpaka kalamu ikataka kutoboa karatasi. Masikio ya gunia! Nilikuwa nimeyaona utoto wangu wote nisiyaone. Mama alikuwa akishapima mzigo wa mtu wa mbali anaushona mdomo kwa shazia, ile sindano kubwa ya magunia, halafu anakusanya pembe mbili na kuzifunga ziwe masikio ya kushikia. Maandishi ya kalamu nene hufutika njiani kwa kusuguana na mizigo ya wengine. Sikio halifutiki. Mara moja alitaka kunifundisha, nikakataa, nikasema nitachubuka vidole na nitashindwa kuandika shuleni. Akacheka, akasema basi wewe andika. Sasa nilikuwa naandika, na nilifurahi kama mjinga, maana nembo ilikuwa imepatikana.

Yule mama alikuwa hajamaliza. "Masikio yapo mpaka leo," alisema. "Ila mshono si wake."

Nikamuuliza ana maana gani. Akanieleza taratibu, kama anayemweleza mtoto. Mshono wa mama ulikuwa na mkia karibu na sikio la kushoto. Ukiushika ule mkia ukauvuta mara moja, mdomo wote wa gunia unafunguka, na uzi unabaki mzima mkononi. Huu wa siku hizi hauvutiki. Analikata gunia kwa kisu, kipande kwa kipande. Tangu lile gunia la kwanza baada ya Krismasi ya mwaka juzi.

Kalamu yangu ilisimama. Nilikuwa nimechukulia kwamba baba alishawaambia wote. Nani asingewaambia? Nikaanza kusema, na yeye akaniwahi.

"Sikuulizi kitu, mwanangu. Jambo kama hilo lina mwenyewe wa kulisema. Kila nikiagiza mzigo namwambia baba yako amsalimie mama, naye ananijibu salamu zimefika. Na leo mwambie hivyo hivyo. Mwambie bado namsalimia."

Akakata simu kwa upole. Nilikaa pale na daftari langu, nikiwa nimepata jibu bora kuliko yote niliyowahi kupata katika kazi hii, na sikuweza kulisoma kwa machozi.

Nilishuka ngazi, nikaenda Msimbazi kwa miguu katikati ya jua. Baba alikuwa nyuma ya duka, ameinama juu ya gunia, shazia mkononi. Sikuwahi kumwona akishona. Mama alipokuwepo hakuwahi kuigusa hiyo sindano, alisema ni kazi ya watu wenye subira. Alikuwa anashona kama anayefunga jeraha: anachoma, anakaza kwa nguvu zote, anapiga fundo, anachoma tena. Masikio alikuwa ameshayafunga. La kulia refu, la kushoto fupi, uzi mwekundu.

Nikamwambia nimeongea na mama wa Newala.

Alikasirika. Alisema alinikataza, kwamba hii elimu yangu ya kuulizauliza watu haina adabu, kwamba nembo ya pakiti inahusu nini na watu wa magunia. Nikamwacha aseme mpaka yakaisha. Kisha nikamuuliza kwa nini hakuwaambia.

Alirudi kwenye gunia, akachoma mara mbili tatu, kisha akaacha. Alinieleza kwamba wale wengine wa kusini walipata habari kwa watu, wakampa pole zao, yakaisha. Lakini huyu alipiga simu Januari, siku ya pili tu tumefungua. Alidhani tumechelewa mlimani kama kawaida. Akaagiza gunia moja, akacheka, akasema amsalimie mama. Baba alifungua mdomo aseme, na kilichotoka ni kwamba salamu zimefika. Alikusudia kumwambia mara ijayo. Mara ijayo ikawa vilevile.

"Hapa mjini kila anayeingia ananipa pole," alisema. "Kanisani pole, jumuiya pole, mpaka wapagazi pole. Yule peke yake ndiye aliyekuwa ananiambia nimsalimie. Huko Newala mama yako alikuwa bado yupo, nami nikamwacha aendelee kuwepo."

Nilimwelewa kabisa, na ndiyo maana nilishindwa kumlaumu. Dakika ile ya raha kwenye simu mimi niliinyamazia. Yeye alikuwa amejipatia dakika kama ile kila mwezi. Lakini ilibidi nimwambie.

"Anajua, baba. Alijua tangu gunia la kwanza. Mshono."

Akautazama mshono wake. Akapitisha kidole juu ya yale mafundo. Akaniuliza mshono una kasoro gani, mbona masikio aliyapatia. Nikamweleza kuhusu mkia na uzi unaofunguka kwa kuvutwa mara moja. Hakuwa anajua. Miaka yote ile wamekaa mlango mmoja, yeye akihesabu malori, hakuwahi kuona mama akiacha ule mkia. Wala mimi sikuwahi kuuona.

"Kwa hiyo zile salamu," alisema.

Nikamwambia zilikuwa zinamsubiri yeye. Kwetu msiba hutangazwa na wafiwa. Aliye mbali hawezi kumuuliza mtu kama mke wake amekufa, hata akiwa na hakika. Kwa mwaka mzima na zaidi yule mama alikuwa anamfungulia baba mlango ule ule, na baba alikuwa anaufunga ule ule, kwa adabu pande zote mbili.

Alitoa kitochi mfukoni. Alibonyeza batani kwa kidole gumba, polepole, akaweka sauti ya nje, nadhani ili asiwe peke yake. Salamu zilikuwa fupi. Baba alisema, "Mama, mwenzangu alifariki. Desemba ile tulipopanda. Nisamehe sikukwambia."

Upande wa pili jogoo aliwika mbali. Kisha yule mama akamshukuru Mungu kwa yote, akasema poleni sana, na sauti yake ikabadilika.

"Ahsante, baba. Sasa naweza kumlilia."

Akalia. Hakukata simu, na baba hakukata. Mpagazi aliyekuwa amekuja kuchukua gunia alisimama mlangoni, akaelewa, akavua kofia. Mimi nilikaa juu ya gunia la dengu nikalia kilio ambacho sikulia mlimani, kwa maana mlimani kulikuwa na wageni wa kuwapikia.

Baada ya wiki moja kikaja kifurushi kwa basi la kusini. Ndani kulikuwa na kipande cha kanga, na ndani ya kanga kibonge cha uzi wa katani kikubwa kama nazi. Zilikuwa nyuzi za mama. Kila gunia ambalo mama wa Newala aliwahi kulifungua, alikuwa ameuhifadhi uzi wake, kwa vile ulitoka mzima na uzi mzima hautupwi, na alikuwa ameziunga ncha kwa ncha. Za baba hazikuwemo, maana alikuwa amezikata kwa kisu. Baba alikipima kile kibonge kwa mkono kama anavyopima mzigo, akakiweka kwenye droo ya mzani na kuifunga kwa ufunguo.

Nembo niliichora nusu siku. Ukishaujua ukweli wa mtu, kuchora hakuna kazi. Ni mdomo wa gunia tu, umeshonwa, sikio la kulia refu na la kushoto fupi kwa rangi nyekundu, na kando ya lile fupi kuna mkia mdogo wa uzi unaoning'inia. Kaka aliitazama akaniuliza mlima uko wapi. Nikamwambia uko nyuma ya maharage. Akauliza na huo mkia wa nini. Nikamwambia amuulize baba, na alipomuuliza, baba alimweleza mwanzo mpaka mwisho, mbele ya wateja, bila kushusha sauti.

Siku hizo baba alikuwa ameanza kujifunza ule mshono. Mwalimu wake alikuwa mama wa Newala kwa simu, naye hakuwahi kuushona maishani; alichokijua ni unavyofunguka. Kwa hiyo alimweleza kinyumenyume, kitanzi cha mwisho kwanza, na baba akawa anashona na kufumua, shazia mdomoni, miwani ikimteleza puani. Alisema ni kazi ya watu wenye subira. Nilikuwa napita dukani kila siku sasa, sizunguki tena. Nilipenda kumwona akikosea.

Jumamosi moja aliniita. Gunia la Newala lilikuwa limesimama limeshonwa, vitanzi vimelala kwa mstari, masikio yako sawa, na mkia ulikuwa pale. Uzi ulikuwa umetoka kwenye kile kibonge. Aliniambia nivute tuone. Niliushika ule mkia kwa vidole viwili. Ulikuwa laini, umeshikwashikwa na watu wawili niliowapenda, na nikaona siwezi. Nikamwambia alipeleke lilivyo, avute mwenyewe anayejua.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, kitochi kiliita nikiwa pale na sampuli za pakiti. Baba akaweka sauti ya nje.

"Limefunguka," alisema mama wa Newala. "Nimevuta mara moja tu. Uzi ninao hapa mkononi."

Baba akasema alhamdulillah, yeye mzee wa kanisa, akacheka mwenyewe. Wakaongea habari za mvua, bei ya choroko, magoti. Akaagiza gunia jingine la mwezi ujao. Kisha akatuaga vizuri, akatutakia kazi njema, simu ikakatika.

Baba hakukishusha kile kitochi. Alikiweka sikioni, akabaki hivyo, macho mlangoni, wakati hakuna mtu upande wa pili. Nilijua anasubiri nini, kwa sababu na mimi nilikuwa nasubiri hilo hilo. Alikuwa anasubiri aambiwe amsalimie mama.